Mama Mkwe Juu ya Visu Viwili

"Nimekung'arishia vyote viwili, mwanangu. Vilikuwa vichafu hivyo, ungempaje mgeni?"

Hapo ndipo tulipomwacha Fundi Cheche, msomaji wangu: mdomo wazi, kisu mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto, mama mkwe wake mbele yake anatabasamu, na honi ya gari inalia nje ya geti.

Kama wiki iliyopita ulifungia maandazi gazeti lako, nitakusimulia kwa haraka, maana mgeni ameshashuka garini.

Fundi Cheche ni mhunzi. Amebuni kisu kipya cha mawindo na cha kazi za porini, kisu kisichokunjwa: chuma kimoja kutoka ncha mpaka kitako, mpini wa mti mwekundu uliobanwa pande mbili kwa misumari ya shaba. Na kila kisu hukitengeneza pacha. Pacha wote wawili huchomwa mpaka wawe wekundu, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta. Wakitoka humo ni wagumu, lakini ni ugumu wa kioo. Ukiwalazimisha, wanavunjika.

Basi pacha mmoja huingia kwenye oveni ya mama mkwe, anayeoka mikate chumba cha pili. Kwa moto ule wa mkate chuma hutulia, kikapata rangi ya asali, na hapo hakivunjiki tena. Hicho ndicho kisu. Yule wa pili haingii ovenini. Huyo ni wa kuvunjwa mbele ya mnunuzi, kwa mkono wa mnunuzi mwenyewe, aone chuma ndani kilivyo safi. Ndiyo kazi ya Fundi Cheche, na hakuna mwingine mjini anayeifanya hivyo.

Rangi ya asali ndiyo alama pekee. Na Mama Mkwe ameiondoa yote kwa dodoki la waya na majivu.

"Mama," alisema Fundi Cheche kwa sauti ya mtu anayeongea na nyoka, "kilichokuwa na rangi ya asali ni kipi?"

"Asali? Ile ilikuwa kutu, baba! Nimesugua mpaka bega limeteguka. Hukuniambia hata asante."

"Asante, Mama."

"Haya. Sasa ni pacha kweli kweli."

Fundi alichukua tupa, akapitisha kwenye kisu cha kulia. Ikateleza. Akapitisha kwenye cha kushoto. Ikateleza vilevile. Akavipima kwa viganja. Uzito mmoja. Akavigonga kwa ukucha, akasikiliza. Vikalia sauti moja, kama watoto wa mama mmoja wanaoficha kosa la mmoja wao.

"Shemeji, unavibembeleza visu?"

Aliyesema hivyo alikuwa ameegemea mlango wa karakana. Ni kaka wa mke wa fundi, mtoto wa kwanza wa Mama Mkwe, mwenye duka la vyombo vya chuma kona ya mtaa. Watu wanamwita Mfuko, kwa sababu hauzi kisu kisichokunjika kikaingia mfukoni. Mkononi alishika aproni ya kijani, mpya, imepigwa pasi.

Aproni hiyo ilikuwa na maana yake. Fundi alikuwa amempa mke wake neno mbele ya familia nzima: mgeni wa leo akikataa kisu, karakana inafungwa, na yeye anakwenda kusimama nyuma ya kaunta ya Mfuko, kuuza visu vya kukunja mpaka uzeeni.

"Nimeishona kwa kipimo chako," alisema Mfuko. "Kifuani nimeibana kidogo. Huna kifua."

"Mgeni hajasema neno, shemeji."

"Ndiyo maana nimeileta mapema. Ikikukera, utakuwa umeizoea mpaka jioni."

Geti likafunguliwa. Viatu vizito vikasikika kwenye kokoto.

Fundi Cheche alifumba macho. Huyu ni mtu wa maombi, msomaji, haanzi hata kupanga mkaa bila kuomba, na hakuona aibu kuomba shemeji yake akimtazama.

"Ee Mungu," alisema moyoni, "wewe unajua kilichomo ndani ya mtu, hutashindwa kujua kilichomo ndani ya chuma. Uongoze mkono wangu. Amina."

Akafumbua macho. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Kama umechagua, basi hicho kingine nipe," alisema Mama Mkwe akikinyakua cha kushoto. "Vitunguu vinaningoja."

Akaenda nacho jikoni.

*

Mgeni aliingia ubavu ubavu, maana mlango haukumtosha. Ni mkuu wa waongozaji wa wawindaji na watembeaji wa porini, mtu mnene, mrefu, mwenye masharubu mazito yaliyochanwa. Jina lake la kazini ni Gogo. Waongozaji wote wa pori hubeba kisu anachokichagua yeye, na hakuna mwingine wa kumuuliza.

"Wewe ndiye Cheche?"

"Ndiye mimi, Mkuu. Karibu."

"Kisu."

Fundi alimkabidhi kwa mikono miwili. Gogo hakukiangalia sana. Akavuta kamba nene mfukoni, akaishika kitanzi, akapitisha kisu. Kamba ikaachana bila hata kushtuka.

"Mh," alisema Gogo.

Akakunja shati, akapitisha kisu juu ya mkono. Nywele zikadondoka, ngozi ikabaki inang'aa.

"Mmh!"

Hiyo ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Mfuko akaanza kuikunja aproni yake polepole. Fundi Cheche alisikia moyo wake unapanda ngazi.

Gogo akavuta kioo kidogo kilichoning'inia ukutani, akaangalia uso wake huku na huku, na kabla mtu hajasema neno akaanza kunyoa masharubu yake. Upande wa kulia wote ulishuka kama manyoya ya kuku.

"Hata maji sijatumia!" alisema kwa furaha. "Fundi, kisu hiki kina makali ya kukata neno katikati."

"Asante, Mkuu."

"Lakini."

Neno hilo, msomaji, lilimkuta fundi akiwa ameanza kutabasamu. Likamrudisha.

"Lakini hata wembe unakata," Gogo aliendelea, masharubu yake yakiwa upande mmoja tu. "Kijana wangu mmoja alitumbukia korongoni. Akachomeka kisu kwenye shina la mti lililokuwa ukingoni, akakikanyaga ili apande. Kikavunjika. Mpaka leo anachechemea, na mama yake ananiuliza mimi. Tangu hapo sinunui kisu ambacho sijakisimamia kwa miguu yangu. Nipe nyundo ya mbao."

Katikati ya karakana kuna nguzo ya mti inayobeba paa. Gogo alikilaza kisu ubapa, akakigonga kitako taratibu mpaka ncha na sehemu ya makali ikazama ndani ya nguzo. Mpini ukabaki umetokeza kama ngazi yenye kipande kimoja. Akashika mnyororo wa kunyanyulia vyuma unaoning'inia darini, akanyanyua buti.

Fundi Cheche alitazama buti lile. Akatazama goti lililo juu ya buti. Akatazama uzito wote uliokuwa juu ya goti.

Kama kisu ni kile kilichotulia, amepona. Kama ni kile cha kioo, mtu huyu ataanguka juu ya chuma kilichovunjika.

Unaweza kukaa kimya, moyo ulimwambia. Uliomba. Labda umejibiwa.

Labda.

"Mkuu, ngoja!"

Buti likasimama hewani.

"Nini?"

"Usikikanyage. Sikijui."

"Hukijui nini?"

"Hicho kisu. Viko viwili. Kimoja kimetulizwa kwa moto, kimoja hakijatulizwa, kinavunjika kama glasi. Alama imefutika. Nimekupa kimoja bila kujua ni kipi."

Gogo akashusha mguu. Uso wake ulianza kubadilika rangi, na upande usio na sharubu ulibadilika kwanza.

"Umenipa kisu usichokijua?"

"Nilikiombea, Mkuu."

"Uliombea kisu?"

"Niliomba nichague vizuri."

"Na ulijibiwa?"

"Sijui," alisema Fundi Cheche, macho yamemjaa maji. "Ndiyo maana nimekuzuia."

Kisha kitu laini kikatua begani kwa fundi. Ilikuwa aproni.

"Kijani kinakupendeza, shemeji," alisema Mfuko. "Dukani tunafungua mapema, usichelewe."

"Nani anamfokea mkwe wangu?"

Mama Mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, machozi yanamtiririka kwa vitunguu, na kisu cha pili kiko mkononi. Gogo, aliyewahi kumkimbiza nyati, alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, hakuna anayefoka," alisema. "Nauliza tu."

"Niulize mimi. Mimi ndiye niliyesugua. Mtoto wa watu kahangaika na chuma hiki tangu mvua za kwanza, nami nikaona uchafu nikasugua. Kosa ni la dodoki langu."

"Hicho kilichotulizwa kinatulizwa wapi?"

Hapo Mama Mkwe alifuta machozi na kusimama wima. Kama kuna jambo analopenda kuulizwa, ni hilo.

"Kwenye oveni yangu! Ile swichi yake ya kuzungusha iligoma, haipandi wala haishuki, huu mwaka wa ngapi sijui. Moto wake ni ule ule mmoja, wa mkate. Mkwe wangu alijaribu oveni za watu wengine, chuma kikatoka legelege kama mlenda. Cha kwangu tu ndicho kinachotoka na akili. Ingawa mimi kila jioni naomba swichi ile ipone, maana hata keki siwezi kuoka. Huyu mwanangu hapa nimemwambia aitengeneze mpaka ulimi umeota sugu!"

Mfuko alikuwa anacheka. Akaacha kucheka.

Akakunja kisu chake kidogo alichokuwa akichokonolea kucha, tik, akakitia mfukoni. Akaichukua aproni yake begani kwa fundi.

"Nakuja," alisema, akatoka.

Hakuna aliyemjali. Msomaji, mjali wewe.

*

"Kazi ni ndogo," alisema Mama Mkwe. "Chomeka na hiki cha pili. Visu viwili, miguu miwili. Mwongo ataonekana."

"Nitapanda mimi," alisema fundi.

Gogo akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ukipanda hata kijiko hakitapinda."

"Basi Mkuu mwenyewe..."

"Mimi tena? Na umeshaniambia kimoja ni glasi?"

"Tokeni hapo," alisema Mama Mkwe. "Mimi Mungu hakuninyima mwili."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Akavua ndala. Akakaza kitambaa kiunoni. Gogo akachomeka kisu cha pili kwenye nguzo kando ya kile cha kwanza, mipini sawa kwa sawa, akatandaza magunia ya mkaa chini, kisha akasimama nyuma ya mama yule, mikono tayari kumdaka.

"Wewe mkwe, geuka ukutani," aliamuru Mama Mkwe. "Siwezi kupanda juu kama mbuzi ukinitazama."

Hilo fundi alikuwa ameshalifanya. Kipaji cha uso kilikuwa kimegusa ukuta wa masizi, macho ameyafumba. Maisha yake yalikuwa yanapimwa nyuma ya mgongo wake na yeye anaruhusiwa kusikia tu.

Alisikia mnyororo ukilia.

Alisikia Mama Mkwe akisema, "Kwa jina lako, Bwana," kwa sauti ile ile anayotumia kufungua kikao cha akina mama.

Alisikia Gogo akisema, "Mguu wa kulia, Mama. Vizuri. Sasa wa kushoto. Taratibu. Taratibu, Mama. Mama, nimesema tara..."

KACHA!

Chuma kikaanguka. Mnyororo ukapiga kelele. Mtu akaguna.

"Kipi?" alilia Fundi Cheche akiwa bado ukutani. "Kimevunjika kipi?"

Akapiga ukuta kwa kiganja.

"Mama! Mkuu! Vyote viwili?"

"Mtu anishushe kwanza!" ilisikika sauti ya Mama Mkwe kutoka juu. "Maswali baadaye!"

Fundi akageuka, adabu ikabaki ukutani. Mama Mkwe alikuwa ananing'inia kwenye mnyororo kwa mikono miwili, mguu mmoja hewani, na mguu mwingine, pamoja na sehemu kubwa ya mwili wake wote, umesimama juu ya kisu kimoja. Kisu kilikuwa kimepinda kidogo. Kimepinda tu.

Gogo akamshusha kama mtu anayeshusha kabati la vioo. Uzito ulipoondoka, kisu kikarudi na kunyooka kama mtu aliyeinama kusalimia.

Lakini ni kipi? Wakati wa kuchomeka, hakuna aliyekuwa ameangalia cha kwanza kiko upande gani. Fundi alisogea. Akainama, akanusa mpini uliobaki kwenye nguzo.

Akanusa tena.

"Kitunguu," alisema.

"Nini?" aliuliza Gogo.

"Kizima ni cha jikoni. Kilichovunjika..."

Gogo aliokota kipande kwenye magunia. Mahali kilipovunjikia palikuwa pa kijivu, laini, safi kama hariri, chuma kizuri ambacho hakikupewa nafasi ya kutulia. Kwenye makali yake zilikuwa zimeganda nywele fupi nyeusi. Za masharubu.

Mkuu wa waongozaji alikaa kwenye fuawe ya kufulia vyuma. Akapapasa goti lake la kulia, akaliminya, kama anayehakikisha bado liko.

"Goti hili," alisema polepole, "lilikuwa linakwenda juu ya kisu hiki."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na wewe ungenyamaza, ningejua nini?"

"Usingejua, Mkuu."

"Nisingejua." Akatikisa kichwa. "Mungu wako amekujibu, fundi. Ila hakukujibu mkononi. Amekujibu mdomoni."

Mama Mkwe alisema amina kabla ya fundi. Kisha akaongeza: "Mimi nilijua. Kile cha jikoni tangu nilipokinyakua kinakata kitunguu kwa heshima."

Gogo alisimama, akapanda mwenyewe juu ya kisu kilichobaki, miguu yote miwili. Kikainama. Akashuka. Kikanyooka. Akapanda tena akarukaruka, paa likatoa vumbi, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa bembea.

"Nakitaka hiki!" alisema. "Nataka kila mtu wangu porini awe nacho kiunoni!"

Fundi Cheche alipiga magoti palepale kwenye mkaa.

"Inuka, sijamaliza. Wewe kama mtu nimekuamini. Kazi bado. Kisu kimoja kinaweza kuwa bahati. Nataka ukitulize kingine mbele ya macho yangu, leo, nikisimamie tena. Jua likizama naondoka, na sirudi mpaka msimu upite. Kama hujanionyesha, waongozaji wangu hawawezi kwenda mikono mitupu. Nitapita kwa yule shemeji yako nichukue hivyo vya kukunja, ingawa roho inaniuma."

"Mkuu, kingine kiko tayari!" Fundi alikuwa ameshasimama, ameshalikimbilia kopo la mafuta na kuvuta ubapa uliochomwa jana. "Kimebaki kutulizwa tu. Ni kazi ya moto wa mkate! Kabla jua halijafika kwenye ule ukuta utakuwa umekikanyaga. Njoo uione oveni."

"Njoni, njoni," alisema Mama Mkwe akivaa ndala. "Na chai iko. Na hayo masharubu baba, ukitaka, nitakumalizia upande wa pili."

Wakaingia jikoni wote watatu, fundi mbele, ameshika ubapa kama mtu aliyeshika mshumaa kanisani.

Akasimama ghafla. Gogo akamgonga mgongoni.

Mikate ilikuwa imepangwa vizuri juu ya meza, bado inafuka moshi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Na mahali pa oveni, kwenye sakafu iliyojaa unga, palikuwa na alama ya pembe nne, safi, tupu, isiyo na unga.

Katikati ya pembe hizo nne ilitandikwa aproni ya kijani.

"Oveni yangu!" alipiga yowe Mama Mkwe. "Wezi! Mchana kweupe!"

"Wezi gani, Mama?"

Ni mke wa fundi. Alikuwa anatoka dirisha la mbele anakouzia mikate, uso umechanua, ngumi moja ameifumba kama mtu aliyeshika zawadi.

"Kaka amenipita sasa hivi na mkokoteni, yeye na fundi wake wa umeme. Anasema leo moyo umemchoma, ameona kweli amekutesa miaka yote na ile swichi. Anakwenda kukuwekea mpya kabisa, inayopanda na kushuka. Utaoka hata keki, Mama!"

Mama Mkwe alinyanyua mikono yote miwili juu.

"Asante, Mungu wangu! Kila jioni nimeomba! Kila jioni!"

Halafu akaona uso wa mkwe wake, na mikono ikaanza kushuka yenyewe.

"Mke wangu," alisema Fundi Cheche taratibu, "hawajaanza kuifungua. Niambie hawajaanza."

"Wameanza huku wanatembea! Kaka alikuwa na haraka kweli. Hata hii ameniachia, anasema nimpe mume wangu aiweke ukumbusho."

Akafungua ngumi.

Kwenye kiganja chake, na mafuta yake ya zamani, ilikuwa swichi ya oveni, ile iliyogoma kwenye moto wa mkate, imekatwa katikati.